Mfumo unafunguka bila rangi wala mpangilio? Dada wa Mbagala, anza na saa ya kompyuta

Dada mmoja mwenye steshenari Mbagala Rangi Tatu ameniandikia, nimefupisha kidogo:

"Kaka habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Windows 7, nawajazia watu fomu za vyuo, mikopo na ajira. Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa siku mbili, na tangu urudi mifumo mingi inafunguka vibaya, maandishi yote yamelala kushoto, linki za bluu, hamna rangi, picha hazipo, menyu imekuwa listi ndefu inashuka mpaka chini. Mingine inaleta onyo kwamba sio salama, nabonyeza kuendelea, inafunguka ila ndo hivyo hivyo vibaya. Nikifungua kwa simu inakuja vizuri, sema kitufe cha Endelea sikioni. Kompyuta inatumia hotspoti ya simu hiyo hiyo. Jirani ananiambia nipige Windows upya. Nifanyeje, kuna kijana mwisho wa kutuma fomu yake ni Ijumaa na tayari ananiona sijui kazi."

Dada yangu, pole sana, na kazi unaijua. Katika huo ujumbe wako umeshanipa zaidi ya nusu ya jibu, watu wengi huwa wananiandikia "mfumo unasumbua" basi, nabaki nauliza maswali siku nzima. We umetaja umeme, umetaja onyo, umetaja hotspoti. Vitu vitatu hivyo vinatosha kujua pa kuanzia.

Kwanza usipige Windows upya. Nasema mapema kabisa kwa sababu najua jirani akishakuja na flashi yake mkononi ni ngumu kumrudisha. Kwanza utapoteza mafaili ya wateja, CV za watu, barua, skani za vyeti, pili Windows 7 ikipigwa upya inakurudishia Internet Explorer 8, hiyo ndo iliyokuja nayo mwaka 2009, na mifumo ya sasa hivi haielewani nayo kabisa, na tatu, tatizo ninaloliona mimi halipo kwenye Windows, kwa hiyo ukimaliza kuhangaika utalikuta limekaa pale pale linakusubiri.

Sasa nikueleze ukurasa unavyokuja kwenye brauza, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, maana ukilielewa hili utajitibu mwenyewe mara nyingi tu. Ukurasa hauji kama picha moja. Unakuja vipande vipande, kama mtu anayehama kutoka Tandika kwenda Chanika kwa kirikuu. Tripu ya kwanza inaleta maandishi yenyewe pamoja na orodha ya vitu vingine vinavyotakiwa kufuatwa, hilo ndo faili la HTML. Brauza ikishasoma ile orodha inaanza kutuma kirikuu kingine kikachukue CSS, ambayo ndo inasema rangi ipi iwe wapi, menyu ilale vipi, fomu ikae katikati, kingine kikachukue picha, kingine fonti, kingine JavaScript ambayo ndo inafanya kitufe kikibonyezwa kitende kitu. Na hivyo vitu havikai nyumba moja! Mfumo unaweza kuwa kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, ya hapa hapa nchini lakini fonti zake zinachukuliwa kwenye seva ya kampuni nyingine nje, na CSS yake kwingine tena.

Kwa hiyo ukiona maandishi yote yamelala kushoto, linki za bluu zimepigiwa mstari, menyu imekuwa listi, hapo ujue tripu ya kwanza imefika ila CSS haijafika. Ukurasa haujaharibika, umefika nusu. Kazi yako ni kujua kirikuu kipi kimekwama na kimekwamia wapi.

Hapo ndo hotspoti yako inanisaidia. Simu na kompyuta zinatumia laini moja, bando moja, mnara mmoja. Simu inaleta ukurasa na rangi zake zote, kompyuta haileti. Basi mtandao mzima, na mfumo wenyewe mzima. Tatizo lipo ndani ya ile kompyuta. Hicho kipimo kishike, kabla hujaanza kulaumu chochote fungua ukurasa ule ule kwa kifaa kingine kwenye mtandao ule ule, halafu kama navyo vyote viwili vinaleta vibaya jaribu laini ya mtandao mwingine. Dakika mbili tu.

Sasa kwa nini nasema saa. Kwenye ubao wa ndani wa kompyuta, ile maza bodi, kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake kubwa ni kuifanya saa ya mashine iendelee kutembea hata ikiwa imezimwa. Kwenye kompyuta za mezani betri hiyo inaweza kuwa imekufa muda mrefu na usijue, sababu mashine ikiwa imechomekwa ukutani hata kama umeizima kuna umeme kidogo unapita unaendelea kuibeba saa. Siku umeme ukikatika kabisa, tena siku mbili kama ulivyosema, saa inapotea, ukiwasha inaanzia tarehe ya zamani iliyowekwa kiwandani. Mashine za mtumba zinakuja na betri yake ile ile ya zamani, kwa hiyo hili nakutana nalo sana kwenye steshenari.

Na saa ikikosea mifumo inavurugika vipi? Kila tovuti yenye https mwanzoni ina cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha kuthibitisha kwamba ndo yenyewe, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Brauza inachukua saa ya kompyuta yako inalinganisha. Vyeti vyenyewe siku hizi ni vya muda mfupi, tangu Septemba 2020 cheti kipya hakikuruhusiwa kuzidi siku 398, na vingi vya bure vinaishi siku 90 tu. Sasa kompyuta yako ikiamini leo ni mwaka 2010, kila cheti inachokiona ni cha miaka mingi mbele, bado hakijaanza kutumika, inakataa. Ndo lile onyo.

We ukabonyeza kuendelea. Sikulaumu, mteja amekaa mbele yako na foleni nyuma yake. Lakini ndo hapo penyewe CSS ilipokwama, na hili mafundi wengi hawalisemi. Ukibonyeza kuendelea unakuwa umeruhusu anwani ile moja tu uliyoifungua. Zile anwani nyingine ambako kirikuu kinaenda kufuata CSS na fonti na picha, nazo vyeti vyake vinakataliwa kwa sababu ile ile ya tarehe, ila brauza haikuulizi chochote, inavikatalia kimya kimya. Matokeo yake maandishi yamekuja, mengine yote hamna. Na zile tovuti ambazo hazikuleta onyo kabisa ila zimevurugika, hizo mara nyingi ni zile bado zinatumia http ya kawaida, zenyewe zinafunguka bila kuulizwa cheti lakini vipande vyake vinatoka kwenye anwani zenye https. Nadhani pia utakuwa umekutana na zingine zimegoma kabisa, hata sehemu ya kubonyeza kuendelea haipo, hizo zimewekewa amri kwamba bila cheti sahihi zisifunguke.

Kwa hiyo fanya hivi. Angalia kona ya chini kulia, usiangalie saa na dakika tu, bonyeza uone mwaka. Watu wanaona saa nne na kumi wanasema mbona saa ipo sawa, kumbe mwaka ni 2010. Weka tarehe na mwaka kwa mkono, usitegemee ijirekebishe kwa intaneti maana tofauti ikiwa kubwa sana Windows yenyewe huwa inakataa kuichukua. Kwenye majira chagua Nairobi, UTC+03:00, Dar haipo kwenye ile listi ila majira yetu ni hayo hayo. Na chunga AM na PM, saa mbili asubuhi yetu ni 8:00 AM. Ukimaliza funga brauza yote, madirisha yote, fungua upya, ingia kwenye mfumo halafu bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja.

Ikija vizuri basi jibu tumelipata, lakini usiishie hapo. Najua maduka mengi yakifungwa jioni watu wanazima na swichi ya ukutani, ni tahadhari nzuri, ila kwa betri iliyokufa maana yake kila asubuhi saa imepotea tena. Nunua CR2032 mpya, bei yake ni ndogo, Kariakoo kila duka la vifaa vya kompyuta linayo na hata mafundi saa wengi wanayo. Zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa, fungua ubavu, utaiona, sukuma kile kijino kinachoishikilia, inaruka yenyewe, weka mpya upande wenye maandishi ukiangalia juu. Kama unaogopa kufungua mpe fundi, ni kazi ya dakika tano, asikwambie aiache kwake mpaka wiki ijayo.

Na hilo onyo, dada, naomba sana usiwe unalipita. Safari hii lilikuwa saa tu, lakini siku nyingine litakuwa mtu kweli amekaa katikati anasoma kinachoandikwa, na we unaandika namba za vitambulisho vya watu, namba za simu, paswedi, watoto wa watu wamekuamini. Ukiliona angalia saa kwanza. Saa ikiwa sawa na onyo bado lipo, usijaze kitu.

Haya, tuseme umerekebisha saa na bado kuna mfumo mmoja au miwili imevurugika. Hapo natilia shaka kashe. Brauza ina tabia ya kutunza vipande ilivyokwisha kuvichukua, CSS na picha, ili kesho isivifuate tena ikamaliza bando lako, jambo zuri tu. Shida inakuja pale kipande kilichotunzwa kimefika nusu, au wenye mfumo wamebadilisha muonekano na we bado una CSS ya zamani juu ya ukurasa mpya. Ile Ctrl+F5 inailazimisha brauza ikavifuate upya kwa ukurasa huo mmoja. Ikishindikana ndo unakwenda Ctrl+Shift+Delete kufuta, ila hapo kuwa makini sana: chagua picha na mafaili yaliyotunzwa tu, usiguse kuki. Kuki ndo zinazoukumbusha mfumo kwamba umeshaingia, ukizifuta katikati ya fomu unatupwa nje, na mifumo mingi haihifadhi ulichojaza mpaka ubonyeze kuhifadhi. Nimeona mtu kajaza fomu kurasa nne, akashauriwa futa kila kitu, akaanza moja na machozi yanamtoka.

Kipimo kingine rahisi ni dirisha la siri, Ctrl+Shift+N kwenye Chrome au Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Dirisha hilo linaanza bila kashe ya zamani, bila kuki, na kwa kawaida zile programu nyongeza zinazobandikwa kwenye brauza zinakuwa zimezimwa. Ukurasa ukija vizuri humo na vibaya kwenye dirisha la kawaida, mkosaji ni kashe au nyongeza. Nyongeza zinazozuia matangazo ndo zinaongoza, zinaona faili lina jina linalofanana na tangazo zinalizuia kumbe ndo lenye kitufe. Zizime zote, kisha washa moja moja. Moja moja kweli, ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo ikipona hutajua kilichoponya na wiki ijayo utaanza upya. Na kwenye kompyuta ya duka utakuta watu wamebandika vitu vya kudaulodi video na vya kubadilisha mandhari, ambavyo hujui vinasoma nini. Toa vyote.

Tena hilo dirisha la siri ningependa ulitumie kwa kila mteja, hata kama hamna kinachosumbua. Mteja akiingia na akaunti yake, mkamaliza, ukafunga madirisha yote ya siri, kuki na kumbukumbu zake kwenye brauza zimeondoka, mteja anayefuata haingii kwenye akaunti ya aliyetangulia na brauza haimjazii jina la mtu mwingine. Hiyo nayo inaleta "mfumo unaonyesha vibaya", mtu anaona taarifa sio zake.

Kuna matatizo madogo nitayapitia haraka. Ukurasa umekuwa mkubwa kupita skrini au maandishi yamekuwa kama chungu wadogo, bonyeza Ctrl na sifuri, mara nyingi mtu kashika Ctrl akazungusha gurudumu la mausi bila kujua. Maneno ya ajabu ajabu, mfano ukurasa wa Kiswahili unaleta sentensi hazieleweki na vitufe vimeandikwa kitu kingine, angalia kama brauza inajitafsiria yenyewe, zima ile tafsiri, maana ikibadilisha maneno ndani ya fomu inaweza kuvuruga hata utendaji wake. Na ukiona ng'ombe imeandikwa ngâ€™ombe, hapo kompyuta yako haina kosa, ile ritifaa ya kupinda imeandikwa kwa mfumo wa UTF-8 na ukurasa unasomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, alama moja inageuka tatu. Ni la kurekebisha mwenye tovuti. Mi huwa linaniuma kuliko yote, maana tovuti ya Kiswahili isiyoweza kuandika ng'ombe ina maana hakuna aliyeisoma kabla ya kuiachia.

Sasa umri wa mashine yako, hili siwezi kulinyamazia. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni namba 109, ya Januari 2023, hata ubonyeze kusasisha mara mia haitapanda, na kwa Firefox ya mwisho ni 115 ESR, hiyo ESR ni aina ya toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu. Kwa leo bado mifumo mingi inafunguka humo, lakini kila mwaka watengenezaji wanatumia vitu vipya ambavyo brauza ya zamani haivijui, ikikutana na amri ya CSS isiyoijua inairuka tu bila kukwambia, unaona vitu vimepandana. Kwa sasa weka hiyo Firefox 115 ESR iwe ya pili, ili moja ikigoma una nyingine ya kujaribia, na ukianza kuweka akiba ya duka weka na ya mashine inayobeba Windows ya karibuni.

Simu nayo. Rangi zipo, kitufe cha Endelea hakionekani, hapo CSS imefika, tatizo ni nafasi. Kwanza angalia kama kuna kibango cha kuki kimekaa chini ya skrini kinaomba ukubali au ukatae, hicho kinafunika vitufe vya watu kila siku, kijibu kiondoke. Pili angalia ukubwa wa maandishi kwenye simu yako, kama umeuweka mkubwa kabisa vitu vinasukumwa nje, ushushe kidogo. Tatu kwenye vidoti vitatu vya Chrome angalia kama Desktop site ina tiki, itoe. Ukishindwa laza simu. Na kama kitufe kipo ila kimefifia hakibonyezeki, kuna sehemu ya lazima haijajazwa, pandisha juu utafute nyota nyekundu. Wateja wanaokuja na Opera Mini kwa ajili ya kubana bando, waambie kwa kusoma habari ni nzuri sana ila kwa fomu watumie brauza ya kawaida, kwa sababu kwenye ile hali yake ya kubana kabisa ukurasa unapikwa kwanza kwenye seva za Opera ndo unaletwa umeshafupishwa, na JavaScript ya kwenye fomu mara nyingi haiponi safari hiyo.

Kuna siku pia kosa litakuwa sio lako wala la mfumo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani, siku kama hiyo ukurasa wa seva ya hapa unaweza kufika na vipande vyake vya nje vikabaki njiani, kushinda unabonyeza F5 ni kumaliza bando bure. Na usiku wa mwisho wa kutuma maombi seva inazidiwa, inajibu tripu ya kwanza inashindwa ya tatu. Hapo usibonyeze kitufe cha kutuma mara tano tano, hasa kwenye ukurasa wa kontroo namba, unaweza kujikuta una mbili na mteja hajui alipe ipi. Rudi alfajiri.

Ukihakikisha kweli kosa ni la mfumo, vifaa viwili, mitandao miwili, dirisha la siri, bado vibaya, wapigie au waandikie huduma kwa wateja wao lakini usiseme "haufunguki". Piga picha ya skrini, andika anwani kamili ya ukurasa, saa uliyofungua, brauza na namba yake, halafu bonyeza F12, nenda sehemu iliyoandikwa Console, ile mistari myekundu ipige picha nayo. Hata kama huielewi, atakayeipokea ataielewa mara moja, itamwambia faili gani halikufika na kwa nini. Wakati wa kupiga picha funika namba ya kitambulisho ya mteja.

Kesho ukifungua duka anza na ile kona ya chini kulia kabla hujampokea mtu. Fomu ya yule kijana usiendelee na dirisha lililobaki wazi tangu jana, ingia upya kwenye dirisha la siri, angalia alichokwisha kuhifadhi kama kipo, hifadhi kila ukurasa ukimaliza, na ujaribu asubuhi hiyo hiyo, usisubiri Ijumaa jioni. Na uniandikie ile kompyuta ilikuwa inadhani ni mwaka gani.